Maji Yaliyokuja na Sabuni Yake

Nilisugua maji yale kiganjani, mara moja, kisha mara ya pili, nayo yakatoa povu.

Nilikuwa nimesimama chini ya genge, viatu mkononi, suruali nimeikunja hadi magotini. Nyuma yangu bahari ilikuwa imekupwa, imetulia kama beseni lililosahaulika. Mbele yangu, juu kidogo ya kimo changu, maji yalichuruzika kutoka kwenye ufa mwembamba, pale jiwe la manjano lilipokalia udongo wa kijivu. Mtu mwingine angeyapita. Lakini mimi nilizaliwa katika nyumba ya udobi, na mikono yangu ilijua sabuni kabla haijajua kalamu. Povu la bahari ni jepesi. Likikauka linaacha chumvi. Povu hili lilikuwa laini, likiteleza kati ya vidole na kukataa kuondoka. Nililinusa. Nikalijua kama mtu anavyoijua sauti ya mama yake ikitoka chumba cha pili.

Mfukoni mwangu, mchana huo, nilikuwa na barua ya kumfukuza mtu pwani. Niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mtaa wetu ulikuwa na nyumba tisa tu, zimejipanga mstari mmoja, migongo ikiitazama bahari. Yetu ilikuwa ya tano. Mbele kulikuwa na barabara, nyuma, ua, nyuma ya ua, ukingo wa genge, na baada ya hapo, hewa. Katika ua ule Mama alifua mashuka ya bweni la shule, sare za wauguzi, na vitambaa vya meza vya hoteli mbili. Kulikuwa na matangi manne ya saruji, kamba kumi na mbili, na chumba cha pasi chenye dirisha moja ambalo halikuwahi kufungwa kwa sababu ya joto. Kila furushi lilikuwa na kitambulisho chake, kipande cha kitambaa chenye namba ya mteja, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Na juu ya rafu ya chumba cha pasi yalipangwa makopo matupu ya maziwa, nayo yana namba. Chochote kilichokutwa mfukoni mwa mteja kiliingia kwenye kopo lake: kifungo, kalamu, tiketi iliyolowa, na siku moja jino. Mama hakutupa kitu. Cha mtu ni cha mtu, alikuwa akisema, hata kikiwa takataka. Kilikaa mwaka mzima. Mwenyewe asipokuja, ndipo tulipokigawa.

Kwenye kona ya ua, hatua chache kutoka ukingoni, lilikuwapo shimo alilolichimba Baba mwaka walipooana na Mama. Alilijaza mawe, makubwa chini na madogo juu, akalifunika kwa mfuniko wa saruji. Maji yote ya kufulia yaliingia humo. Lilikuwa fahari ya Mama. Mashimo ya majirani yalijaa kila baada ya miaka miwili na kuwaaibisha mbele ya wageni. Letu halikuwahi kujaa hata siku moja, miaka ishirini na sita. Mama angeweza kupita karibu nalo, augonge mfuniko kwa kisigino na kusema, "Baba yako alikuwa na mkono." Baba alifariki nikiwa na miaka tisa. Sura yake naikumbuka kwa shida. Lile shimo lilikuwa, kwa namna yake, kitu pekee alichotuachia ambacho bado kilifanya kazi.

Hakuna aliyejiuliza maji yote yale yalikuwa yakienda wapi.

Kitabu kilinifikia ndani ya furushi la bweni, kati ya mashuka mawili. Kilikuwa kitabu cha jiografia, hakina jalada, kinaanzia ukurasa wa saba. Tuliulizia, hakikupata mwenyewe, kikamaliza mwaka wake kwenye kopo kubwa, kikawa changu. Shule nilikuwa nimeiacha mapema ili nishike pasi. Nilikisoma kwa kuiba dakika, pasi ikipata moto, na nilikisoma polepole kwa sababu kila ukurasa ulinilazimu kutoka nje kwenda kuhakikisha.

Na nje kila kitu kilikuwapo. Kulia kwetu na kushoto kwetu bahari ilikuwa imeshindwa: rasi mbili za mwamba mweusi, mgumu, ziliingia majini kama viwiko vya mtu aliyeegemea meza. Katikati ya viwiko hivyo ilikuwa ghuba yetu, na ghuba ilikuwa pale kwa sababu mawe yetu yalikuwa dhaifu. Kitabu kilieleza kwamba bahari haina chuki na mahali popote. Inapiga kila kitu sawasawa, miaka na miaka, na pwani inachukua umbo la kile kilichostahimili na kile kilichoachia. Hapa juu tulikuwa na jiwe la mchanga, la manjano, ambalo ungeweza kulikwangua kwa kijiko. Chini yake ulikuwapo udongo mfinyanzi. Jiwe la mchanga hunywa maji. Udongo mfinyanzi hauyanywi. Niliyasoma maneno hayo mawili siku moja, nikayapigia mstari, na nikaendelea kutazama baharini.

Nilimweleza Mama jinsi wimbi linapokaribia pwani linavyojipinda kuelekea kwenye rasi, maana pale ndipo linapogusa chini mapema, hivyo nguvu zake nyingi zinaishia mwambani na ghuba inabakiwa na masazo. Mama alikuwa anakamua shuka. Alisema hilo halihitaji kitabu, mwamba ngoma huvutia kwake. Akacheka peke yake. Mimi niliuelewa utani huo baada ya kuanika mashuka matatu.

Hata hivyo ghuba ilikuwa inaliwa, na kila mtu mtaani aliliona hilo. Fundi seremala, jirani yetu wa nyumba ya nne, alipoteza banda la kuku ndani ya saa moja tu, mchana kweupe. Kuku walipona, banda likashuka ufukweni likiwa limesimama wima kama mtu anayeshuka ngazi. Ndipo nikaanza kupima. Nilichonga vijiti tisa, nikavipigilia nyuma ya kila nyumba kwa umbali sawa kutoka ukingoni, kila kijiti nikakifunga kitambulisho chenye namba, uzi mwekundu, kama vile genge lilikuwa mteja. Kila Jumapili asubuhi nilipita na futikamba ya fundi seremala. Watoto wa mtaani waliniita Bwana Vijiti. Kisha mama zao wakaniita hivyo. Kisha nami nikaanza kuitika.

Baada ya miezi kumi na minne daftari langu lilisema hivi: kijiti cha kwanza na cha tisa, kule mwishoni, vilikuwa vimepoteza chini ya shubiri moja. Cha nne na cha sita, kama hatua moja. Cha tano, chetu, hatua tatu na nusu. Nilichora mstari, ukapinda kama kamba ya nguo yenye shuka moja zito katikati. Kwa mwendo ule, chumba cha pasi kilibakiwa na miaka mitano.

Na chini kabisa, mkabala na kijiti cha tano, kila siku ya kazi, alikuwapo Beleshi.

Jina lake jingine silijui mpaka leo. Alikuwa mwanamume wa makamo, mkimya, mwenye mgongo mpana, aliyechota mchanga ufukweni akiupakia kwenye mkokoteni na kuwapelekea wafyatua matofali. Alikuwa na kibali cha karatasi ambacho alikihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, na watu walisema alikuwa amesomesha mabinti wawili kwa beleshi lile. Siku moja alimletea Mama nguo zake afue. Mama alizikunjua, mchanga ukamwagika, akazikunja tena na kumrudishia kwa adabu. Alimwambia mchanga ukiingia kwenye tangi unakula nguo za watu wengine. Beleshi akasema ameelewa. Hakuja tena.

Kitabu changu kilisema ufuko wa mchanga ni ngao ya genge. Daftari langu lilisema genge linaliwa zaidi pale pale mchanga unapochotwa. Niliyaweka mawili hayo pamoja, yakaingiana kama kifungo na tundu lake. Fundi seremala alipoliona daftari alinipiga bega akasema kumbe vijiti vina akili. Kikao kikaitishwa karakanani kwake, ikaamuliwa iandikwe barua kwa wakubwa ili kibali kifutwe, na wote tisa watie sahihi Jumamosi inayofuata. Mimi ndiye niliyepewa kalamu.

Lilikuwapo jambo moja lililonisumbua. Maporomoko mawili makubwa ya mwaka ule yalitokea mwezi mkavu kuliko yote, wakati wa maji mafu, bahari isipofika hata nusu ya ufuko. Niliziandika tarehe zake. Nikayapita. Nimekuwa nikijiita mtu asiyehukumu haraka, na ni kweli nilichukua miezi kumi na minne. Lakini haraka si muda tu. Nilipima vizuri, nikahukumu vibaya.

Siku ile niliyoshuka ufukweni nilikwenda kuongeza kipimo kimoja kwenye barua, kina cha mashimo ya Beleshi, ili wakubwa wasiwe na la kuuliza. Nilimkuta amekaa juu ya mpini wa mkokoteni, anapumzika.

"Umekuja kupima kaburi langu, Bwana Vijiti?"

Nilimwambia nimekuja kupima genge.

"Ndilo hilo hilo," akasema, bila hasira.

Nilimuuliza, maana hilo nilitaka liwe wazi hata kwake, kwa nini ufuko wote ule mrefu yeye achote hapa tu, chini ya nyumba yetu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatumia mlango.

"Kwani wewe nyumbani kwenu unaingilia dirishani? Njia iko hapa. Genge lilianguka lenyewe, likaniwekea ngazi. Kule kwingine mkokoteni utapita wapi?"

Nikageuka nikaitazama ngazi hiyo, mteremko wa mawe ya manjano yaliyovunjika uliotoka karibu na ua wetu hadi mchangani. Nilikuwa nimeuona kila wiki kutoka juu. Sikuwahi kufikiri ulikuja kwanza, Beleshi baadaye.

Beleshi aliinuka akaenda kunawa mikono. Hakuelekea baharini. Alielekea gengeni, akakinga viganja chini ya ufa.

"Nawa na wewe, usiogope," akasema. "Hayana chumvi. Maji mapole haya, yanakuja na sabuni yake."

Nilimuuliza yamekuwapo tangu lini. Akasema tangu aanze kazi pale. Siku nyingine yanadondoka, siku nyingine yanatiririka. Katikati ya wiki ndipo huwa mengi. Mashuka ya bweni yalifuliwa Jumatatu. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua alichokuwa akiniambia. Alipangusa mikono kwenye suruali, akarudi kwenye beleshi lake, na mimi nikakinga kiganja.

Jioni nilimkuta Mama anapiga pasi sare za wauguzi. Nilimweleza kwa utaratibu, kama kitabu kinavyoeleza. Jiwe la juu linakunywa maji, udongo wa chini unayakataa. Maji yetu yanazama shimoni, yanapita ndani ya jiwe, yanafika kwenye udongo, hayana pa kwenda, yanatembea juu ya udongo mpaka nje. Udongo unakuwa utelezi. Jiwe linateleza juu yake. Bahari inakuja baadaye kuondoa kilichokwisha kuanguka. Kwetu sisi bahari ilikuwa mfagizi tu.

Mama alimaliza ukosi mzima kabla ya kujibu.

"Povu hata bahari inalo."

"Si povu hili, Mama."

"Kumbe siku hizi mapovu unayajua kunipita."

Alitundika sare, akachukua nyingine. Niliona kwamba hakuwa amenikasirikia mimi. Aliuangalia ule mfuniko wa saruji kupitia dirishani, akaacha pasi ikae mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona akiiacha, hata nikanusa kitambaa kikianza kuungua. Aliinyanyua kwa wakati. Tangu nimjue, hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

Jumatatu, baada ya mashuka ya bweni, alikwenda kwenye rafu akatoa pakiti sita za buluu ya kung'arishia nguo nyeupe. Pakiti moja ilitutosha mwezi. Alizimimina zote kwenye ndoo, akakoroga kwa mkono mpaka maji yakawa meusi kwa ubuluu wake, akaniambia nifunue shimo.

"Kama ni maji yangu," alisema, "yatarudi na rangi yangu."

Akanikataza kwenda kuchungulia bila yeye. Jumanne tulifua vitambaa vya hoteli. Jumatano tulifua sare. Usiku mmoja katikati nililisikia genge likiangusha kitu, dogo, kama mtu aliyejikwaa, na upande wa pili wa ukuta kitanda cha Mama kikalia. Nilijua hajalala.

Alhamisi alivaa aproni safi, nyeupe, tukashuka. Alikuwa hajakanyaga ufuko kwa miaka kumi na moja kwa sababu ya goti. Tulipita ile ngazi ya Beleshi, jiwe baada ya jiwe, mimi mbele nikimpa bega. Sehemu ya mwisho ilikuwa na mwanya mpana. Beleshi alikuwa chini. Alimnyooshea Mama mpini wa beleshi, Mama akaushika, akashuka.

Hakukuwa na haja ya kutafuta. Pale jiwe la manjano lilipokutana na udongo wa kijivu ulikuwapo mstari mwembamba, urefu wa kama kamba mbili za nguo, wa buluu. Si buluu ya bahari. Ilikuwa buluu ile hafifu inayobaki kwenye ukosi wa shati likisuuzwa vibaya. Katikati, kwenye ufa, ilidondoka.

Mama alishika pindo la aproni, akalikandamiza pale, akalitazama. Kisha akalikandamiza tena mahali pengine, kama mtu anayejaribu ufunguo mara ya pili.

"Kikulacho," alisema. Methali akaiacha hapo hapo.

Beleshi aligeuka akatazama baharini, kama unavyogeuka ukiingia chumbani ukakuta mtu anabadilisha nguo.

Tulipanda kwa muda mrefu. Nusu ya njia Mama alisimama kupumzisha goti. "Alilichimba kwa siku kumi na moja," alisema. "Mimi nikimletea maji ya kunywa." Nilisubiri aendelee, akaendelea kupanda.

Jumamosi mchana karakana ya fundi seremala ilijaa. Watu walikalia vitanda visivyomalizika na mbao zilizopangwa. Harufu ya gundi, maranda miguuni. Barua ilikuwa juu ya benchi, imezuiwa na randa isiruke. Nilikuwa nimemwambia Mama kwamba nitasema mimi, kwa kuwa kosa la kuandika lilikuwa langu. Alinijibu kwamba maji ni yake. Tukaachana hapo, hatukujua nani atasema, na nilipoombwa kusoma barua nilisimama nikaishika. Nilisoma mstari wa kwanza. Nilisoma wa pili, ule wenye vipimo vyangu. Nikairudisha barua juu ya benchi.

Mama aliinuka. Alikuja na aproni imekunjwa chini ya kwapa, kama anavyobeba nguo ya mteja. Aliikunjua juu ya benchi, juu ya ile barua, akaisawazisha kwa kiganja mpaka lile pindo likaonekana.

"Hii ni buluu yangu," alisema. "Nimeitia shimoni kwangu Jumatatu. Nimeipokea ufukweni Alhamisi."

Mimi nikaeleza yaliyobaki, jiwe na udongo, na yale maporomoko ya mwezi mkavu niliyoyapita. Nilisema vijiti havikukosea; aliyekosea ni mwenye vijiti. Fundi seremala alichukua pindo, akalisugua kwa kidole gumba, akalinusa, na nadhani alikuwa analifikiria banda lake la kuku.

Mwenye duka wa nyumba ya pili, mama mmoja asiyekuwa na subira, ndiye aliyeuliza.

"Sasa jirani, tuandike barua ya kukufukuza wewe?"

"Andikeni," Mama akasema. "Mwanangu ana mwandiko mzuri."

Kwa muda hakuna aliyejua kama anaruhusiwa kucheka. Fundi seremala alianza, kwa pua tu, kisha wengine. Hakikuwa kicheko cha furaha, lakini kilitosha kutuweka wote chumba kimoja. Barua ile sikumbuki nani aliichana. Nakumbuka kwamba Mama aliikunja aproni upya, mikunjo minne, akairudisha chini ya kwapa.

Tuliziba shimo kesho yake. Niliyatoa mawe ya juu kwa mkono, yale madogo, ili saruji ishike. Mama alichagua moja akalitia mfukoni. Matangi yakakaa makavu karibu wiki mbili. Bweni likatafuta dobi mwingine, halikurudi. Wauguzi walisubiri. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuchimba mtaro kutoka uani, kupita kando ya nyumba, hadi kwenye mfereji mkubwa wa upande wa pili wa barabara, hatua sitini na mbili kwenye ardhi ngumu kuliko nilivyodhani. Nilichimba siku mbili nikafika hatua ya tano.

Siku ya tatu Beleshi alikuja. Alisimama kwenye lango, beleshi begani.

"Nimesikia kuna kuchimba."

Mama alimwambia hatuna cha kumlipa kwa sasa. Beleshi akafikiri.

"Mnifulie," akasema.

Alichimba siku tisa. Alikuwa na namna yake ya kuchimba. Hakuonekana anatumia nguvu, na ukiangalia pembeni kidogo ukirudisha macho mtaro umesogea. Jioni ya siku ya tisa alileta nguo zake, zile zile nadhani, na Mama akazipokea. Akampa namba.

Sitasema kwamba Beleshi hakuwa na lake. Nimeendelea kupima. Ufuko ule umeshuka kwa shubiri moja na nusu tangu siku zile, na mchanga uliokwenda kwenye matofali haukujirudisha wenyewe. Mambo ya pwani hayana mkosaji mmoja. Kuna jiwe, kuna wimbi, kuna mvua, kuna mtu na ndoo yake. Lakini kijiti cha tano, ambacho kilipoteza hatua tatu na nusu katika miezi kumi na minne, mwaka uliofuata kilipoteza shubiri moja. Mwaka mwingine, shubiri moja. Nyumba ya tano sasa inakwenda kwa mwendo wa nyumba nyingine. Bado inakwenda. Chumba cha pasi kitakuwapo baada yangu, na baada yake sijui. Zile rasi mbili nyeusi sijaziona zikipungua hata ukucha, ingawa kitabu kinasema nazo zamu yao ipo.

Nguo za Beleshi zilifuliwa kwenye beseni la peke yake. Kabla ya hapo Mama aligeuza mifuko yake nje, kama alivyogeuza ya kila mteja, na kila wiki mchanga ulimwagika, wa kujaza ngumi. Mara ya kwanza niliinua ufagio. Mama akanizuia. Alishusha kopo jipya kutoka rafuni, akakusanya ule mchanga kwa kadi hadi punje ya mwisho, akautia ndani, kisha akaniambia niandike kitambulisho. Nikaandika namba ya Beleshi.

"Siyo wake huo," alisema. "Andika jina la mwenyewe."

Ilinichukua muda, kama kawaida yangu. Kisha nikachukua kipande kingine cha kitambaa, nikaandika Bahari, nikakifunga kwa uzi mwekundu.

Kopo lilijaa kwa kama miezi mitatu. Lilipojaa Mama alinituma chini nikalimwage pale maji yanapoishia, na mimi nilimuuliza kama sheria yetu si kungoja mwaka mzima, mwenyewe aje achukue. Sasa Mama hayupo, na Beleshi ameacha beleshi kwa sababu ya mgongo, lakini kuna kijana wa mkwe wake anayeleta nguo za kazi, na mchanga upo mifukoni. Kopo ni lile lile. Kitambulisho nimekibadilisha mara mbili. Linapojaa nashuka kwa ile ngazi, napita kwenye ufa uliokauka, naumwaga, nangoja wimbi moja, nalitazama linavyouchukua na kuukunja chini yake.

Siku ile ya kwanza Mama alinijibu bila kuinua macho kwenye pasi. Wateja wengine wangoje, alisema. Huyu ukichelewa kumpelekea chake, anakuja mwenyewe.